Malalamiko kuhusu mitambo ya sauti mliyotufungia katika chumba cha mazoezi

Kamalondo, Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mwenye shule ndogo ya muziki hapa Kamalondo, na mnanifahamu, maana nusu ya dola zangu mnazo tayari. Mlituahidi kwamba mwanafunzi atabonyeza kitufe na kusikia tarumbeta yake kama anaipiga ndani ya kanisa kuu. Tangu mafundi wenu waondoke, tunachosikia ni makelele.

Chumba chetu kina mita 5 kwa 5, na dari iko mita 2.5 kutoka chini. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta ya simenti, sakafu ni ya vigae. Hata kabla hamjaja, ukipiga kofi moja sauti ilirudi-rudi ukutani hadi ikachosha masikio. Tuliwaeleza hivyo, na fundi wenu akasema mashine italimaliza tatizo. Haiwezi. Mitambo ya aina hii hunasa sauti kwa maikrofoni, hutengeneza mwangwi ndani ya kompyuta yake, kisha huutoa kwa spika zilizozunguka chumba. Kazi yake ni kuongeza. Mwangwi ambao tayari umo haiwezi kuuondoa, ndiyo maana chumba hutakiwa kwanza kifanywe bubu kwa vitu vinavyonyonya sauti. Kwetu mmeongeza maji juu ya mafuriko.

Besi ndiyo imeharibika zaidi. Mpiga gitaa la besi wetu akigusa noti ya do diyezi (C#), kidole kwenye nafasi ya nne ya waya wa la, chumba kizima kinavuma na dirisha linatetemeka. Akihamia re, mvumo unapotea. Hesabu yake si ngumu. Kwa joto la humu ndani sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde, na kutoka ukuta hadi ukuta, au kwenda darini na kurudi, ni mita 5 zile zile; gawanya 345 kwa 5, unapata mitetemo 69 kwa sekunde, ambayo kuta zote na dari huivumisha kwa pamoja. Noti hiyo ndiyo do diyezi yenyewe. Mtu mwenye futi kamba tu angeliona jambo hili, lakini hakuna aliyekuja kupima kabla ya kutuandikia bei.

Halafu larseni, yaani sauti ya spika kurudi kwenye maikrofoni na kuzunguka hadi ipige filimbi. Maikrofoni moja inaning'inia karibu nusu mita kutoka kwenye spika. Kijana akipaza sauti kidogo, filimbi inatoboa masikio. Fundi alipopunguza nguvu, larseni ilikwisha, na mfumo nao ukawa kama umezimwa. Katika ukumbi mkubwa kuna nafasi ya kutenganisha vifaa hivi. Katika chumba kama chetu kila kitu kiko jirani, kwa hiyo kuchagua maikrofoni na mahali pa kuzifunga kulihitaji umakini ambao hatukuuona.

Profesa Sabine wa Harvard, miaka ya 1890, alitibu ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki akianza na mito ya viti, akiibeba usiku na kupima inavyopunguza mwangwi. Mito haihitaji umeme, na ninyi mnajua umeme wetu.

Ninachodai ni hiki. Mlete mtu mwenye vifaa vya kupimia, akae humu na wanafunzi wakipiga. Mfunge kwa gharama yenu mapazia mazito na pamba ya mawe ukutani, na kwenye pembe za chumba muiweke nene zaidi, maana sentimita 10 peke yake haigusi besi. Baada ya hapo ndipo mpange upya maikrofoni na spika. Mkishindwa, chukueni mitambo yenu na mnirudishie pesa. Nusu iliyobaki hamtaipata kabla ya mojawapo ya hayo mawili kufanyika, na jibu nalitaka kwa maandishi, si kwa simu, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii.

Mwenye shule