Kuhusu vile vidonge ulivyoniomba

Ndugu yangu Idi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya, au angalau u buheri wa ile afya tuliyoachiwa sisi watu wa sindano za saratani ya tezi dume. Huku hatujambo, Mama Rehema anakusalimu na anasema bado hujamjibu.

Ujumbe wako nimeupata kwa Shabani, ambaye aliufikisha kwa sauti ya chini kana kwamba amebeba magendo: nikugawie vidonge kumi tu vya ile dawa ya uchovu ninayomeza asubuhi, kwa kuwa umesikia imenifufua. Nimeliwaza jambo hilo siku nne. Jibu langu ni hapana, na kwa kuwa sitaki ulihesabu kuwa ubahili, nimeona heri nikuandikie kwa kirefu kuliko kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika popote.

Kwanza nikiri kwamba uchovu unaoulalamikia naujua. Sindano inaishusha testosteroni, yaani homoni ya kiume, mpaka ikaribie ya mtu aliyehasiwa, neno ambalo madaktari hulitamka kwa utulivu wa ajabu, na uvimbe unanyimwa unachokitegemea. Lakini misuli nayo inanyimwa, damu inapungua, na usiku fukuto linakuamsha umelowa jasho. Katika mwezi wa saba wa matibabu niliketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi, nikiitazama kamba yake. Kuifunga nilijua. Sikuwa na huzuni, wala maumivu, wala usingizi. Mama Rehema aliingia, akatoka, aliporudi akanikuta vilevile, ndipo aliponivua kile nilichokwisha kukivaa akanilaza. Habari hiyo sijamsimulia mtu mwingine, kwa hiyo ikivuma nitajua imetoka wapi.

Dawa yenyewe, methilifenideti, ndiyo hiyohiyo wanayopewa watoto wasiotulia darasani. Utacheka; nami nilicheka, kwa sababu shida yangu ilikuwa kutulia kupita kiasi. Inauchangamsha ubongo, na kazi inaanzika. Nasema inaanzika, sisemi inamalizika. Kiatu sasa nakifunga, lakini ngazi ni zilezile, na nikifika juu miguu inatetemeka kama zamani, kwa kuwa kuamka kwa akili hakuirudishi misuli iliyokwisha kuyeyuka. Nguvu ya kidonge hukaa saa tatu au nne, ndiyo maana nameza kimoja asubuhi na kingine saa sita mchana. Siku moja nilimeza cha pili saa kumi na moja jioni kwa ujanja wangu mwenyewe, na saa nane ya usiku nilikuwa sakafuni nikipanga misumari kwa urefu.

Ninachokuogopea ni moyo wako. Dawa hii inaweza kupandisha shinikizo la damu na kuyaharakisha mapigo, na hizi sindano zetu zenyewe tayari zinahusishwa na maradhi ya moyo. Upo utafiti mdogo wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, wa wanaume 32 wenye saratani hii yetu ya tezi dume. Waliopewa dawa walipata nafuu ya uchovu kuliko waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, nami nilifurahi kusoma hapo, mpaka nilipofika kwenye wale sita walioachishwa kwa sababu ya shinikizo na mapigo. Hao walikuwa chini ya madaktari. Wewe ungekuwa chini ya Shabani.

Mimi, kabla ya kuandikiwa chochote, nilipimwa wingi wa damu, tezi ya shingoni na umeme wa moyo, nikaulizwa juu ya usingizi na majonzi mpaka nikachoka kuulizwa, kisha nikaanzishiwa miligramu 5. Kila asubuhi Mama Rehema hunifunga mkanda wa mashine ya shinikizo mkononi, huzima redio kana kwamba mashine inasikiliza, na huandika namba kwenye daftari. Katika wiki ya tatu zilisoma 162 kwa 98. Daktari akanisimamisha siku kumi, kisha akanirudisha kwa nusu ya dozi. Hilo Shabani hakukwambia, nadhani kwa sababu linaharibu hadithi ya kufufuka. Isitoshe, dawa hii imo katika Jedwali la II la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, ambazo hudhibitiwa kisheria, na kwa umri huu sitaki kushtakiwa kwa biashara ambayo hata faida haina.

Liko na jambo jingine. Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, wagonjwa 112 wa saratani waligawanywa, wengine wakapewa dawa hii na wengine kidonge kitupu, kwa siku saba. Uchovu ulipungua pande zote mbili, bila tofauti. Lakini kila siku muuguzi alikuwa akimpigia simu kila mmoja wao. Tangu nisome hayo, nikikitazama kidonge changu asubuhi nalitazama na lile daftari, na sina hakika nimshukuru nani. Zile siku kumi nilizosimamishwa nilitegemea kuanguka kabisa. Siku ya sita nilikuwa hoi kweli, ya nane nikajikuta nimepanda ngazi mara mbili bila... lakini hayo tuyaache. Mazoezi nayo nayachukia, ila mwaka 2003 huko Kanada wanaume 155 wa matibabu haya waliwekwa kwenye jaribio, na walionyanyua vyuma mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 uchovu wao ulipungua. Mimi nanyanyua chupa mbili za maji, huku nikinung'unika.

Sasa nijibu. Damu yako ilipimwa lini mara ya mwisho, na ilikuwa ngapi? Fukuto linakuamsha mara ngapi kwa usiku? Ile dawa ya shinikizo bado unaimeza, au umeiacha tena kimyakimya? Daktari wako anajua kwamba siku huimalizi, au ukifika mbele yake unasema "sijambo" kama unavyotwambia sisi sote? Shemeji anajua kwamba umeomba vidonge? Na kwa nini, katika watu wote, ukamtuma Shabani?

Niandikie tarehe ya kliniki yako ijayo. Nitakuja nawe, nitaketi kiti cha pembeni, na ukithubutu kusema "sijambo" nitakukanyaga mguu mbele ya daktari.

Ndimi ndugu yako,
Athumani