Mwanangu, giza nalo lina mwendo

Igombe, Mwanza
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na hela ya sabuni nimeshamtumia matroni. Sasa nilipe deni jingine. Usiku ule wa kuamkia safari yako ya Bukoba, umeme ulipokatika tukiwa mezani, uliniuliza, "Baba, giza nalo lina mwendo?" Nikakujibu, "Giza halina miguu, kula ukalale." Mwalimu wa sayansi mzima! Nimejisuta tangu siku hiyo.

Juzi niliingia ziwani na baba yako mdogo. Unajua mwenyewe, dagaa huvuliwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, watu wanashona nyavu. Enzi zetu za karabai, ukifungulia hewa mwanga haukufa papo hapo. Uligeuka njano, ukawa mwekundu kama kaa, ndipo giza likajaa mtumbwini. Siku hizi wana taa za betri. Akabonyeza swichi, pap! Hata vidole vyangu sikuviona. Ungeapa kwamba giza la karabai lilikuwa linatembea na la betri linakimbia. Kumbe tofauti ni ya taa tu. Giza si kitu kinachotoka mahali. Ni pale mwanga usipokuwepo. Taa ikizimwa, mwanga uliokwisha kutoka bado uko njiani, unakata karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, na nyuma yake haufuati mwingine. Mtumbwi uliokuwa mita 300 kutoka kwetu ulilipata giza letu baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Giza ni mkia wa mwanga, mama, na mkia hauachwi nyuma.

Tena mwendo wa mwanga wenyewe ulianza kujulikana kwa kuvizia giza. Mwaka 1676, akiwa Paris, Ole Rømer wa Denmark alikuwa akifuatilia Io, mwezi mmojawapo wa Mshtarii, unaoingia kwenye kivuli cha sayari hiyo kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Dunia ilipokuwa inajongea kuelekea Mshtarii, Io ulionekana kuzama gizani mapema kuliko hesabu. Dunia ilipokuwa inajitenga, ulichelewa kuibuka. Mwezi wenyewe haukuwa na kosa, ni habari zake zilizokuwa na safari ndefu au fupi. Habari ya giza hupanda chombo kilekile cha mwanga.

Ila kivuli kina vituko. Mdudu akipita karibu na taa, kivuli chake kinaruka mawe yote ya ufukweni kwa mara moja, na yeye hata mbawa hajachoka. Ukuta ukiwa mbali vya kutosha, kivuli kinaweza kuupita hata mwanga, na hakuna sheria iliyovunjwa, maana hakibebi kitu wala ujumbe.

Na kuna giza kubwa zaidi, usiku wenyewe. Huku kwetu karibu na ikweta ukingo wake unatoka mashariki kwenda magharibi kwa kilometa kama 28 kwa dakika, karibu mara mbili ya ndege ya abiria. Unatupitia sisi kwanza, unavuka ziwa, unakufikia wewe baada ya dakika nne na kitu.

Jumapili ijayo nipigie kwa simu ya matroni kabla ya saa moja jioni. Nitakuwa juu ya lile jiwe letu. Jua likizama nitasema "sasa", nawe uanze kuhesabu. Shida ni vile vilima vya nyuma ya mji wenu, vitalimeza jua kabla ya saa yake na kutuharibia hesabu. Tafuta mahali palipoinuka, lakini uombe ruhusa kwanza.

Mama yako anauliza kama sweta bado unalo.

Baba yako