Mazoezi yasisubiri chokoleti za protini

Mhariri, salaam kutoka Tanga.

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma kuhusu vijana wetu wa hapa mjini. Siku hizi mwamko wa gym umekua na mimi nafurahi sana, ila zimeingia na hizi snaksi za protini zilizofungwa kama chokoleti, sasa kijana ukimwambia njoo asubuhi tukimbie Raskazone anakujibu bado anajipanga, akipata hela anunue protini kwanza ndo aanze. Yaani miguu ipo, barabara ipo, halafu mazoezi yanasubiri pakiti!

Sizipingi. Mtu anatoka gym anaunga kazini, zinamfaa, nyingi zina gramu 10 mpaka 20 za protini ya maziwa au soya. Ila geuza nyuma usome maana nyingine zimejaa sukari, na zile zinazojitangaza hazina sukari mara nyingi zimetiwa maltitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ukizila nyingi tumbo linajaa gesi na hata kuharisha. Na mahitaji yenyewe sio makubwa kivile, mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku, anayebeba vyuma anaongeza. Yai moja lina gramu 6, konzi ya karanga kama 7, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15 hivi, na hapo hujagusa dagaa wala samaki, na sisi ni watu wa pwani jamani.

Kinachowashinda wengi ni kuendelea. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ni nusu saa siku tano, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Sasa kuna watafiti wa University College London waliwafuatilia watu wanaojijengea mazoea mapya, kila mtu akaambiwa alibandike tendo lake kwenye kitu anachokifanya kila siku, mfano baada ya chai ya asubuhi, wakakuta kwa wastani inachukua siku 66 mpaka tendo lizoeleke, kuna wa 18 na kuna wa 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hii ndo habari natamani kijana wa Ngamiani aisikie, kwa sababu masika ikianza akikosa mara mbili anaona basi imeshakufa, anaacha. Haijafa, kesho toka tena! Kwa wengi wetu hapa kitu cha kubandikia kipo tayari, ukishaswali alfajiri usirudi kitandani, vaa raba utoke.

Mhariri, ukurasa wenu wa afya utufundishe kusoma zile lebo, zimeandikwa Kiingereza na maandishi madogo. Na wakubwa wa jiji watuongezee taa barabara za kandokando ya bahari, dada zetu wanataka kutoka mapema lakini wanaogopa giza.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga