Kaka, usiuze ng'ombe wetu wote

Kaka, shikamoo.

Nimesikia umepanga kuuza ng'ombe wote, hela iende kwenye mahindi, maana kwenye soko la nafaka la Kibaigwa bei imechangamka. Nakujibu hadharani kwa sababu nyumba nyingi za Kongwa na Mpwapwa, wilaya zetu za Dodoma, zina mjadala huu huu.

Mahindi siyapingi. Ndiyo yaliyotusomesha. Lakini mvua ya kwetu unaijua: inaanza Desemba, ikifika Februari inakata, na mara nyingi inakata mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mwaka wa namna hiyo asiye na mifugo anaambulia mabua matupu. Sisi mabua hayo hayo tunayakata, tunayapanga juu ya kichanja, ng'ombe wanakula kiangazi chote na mama anakamua. Maziwa yanakuwa machache, lakini ugali unalika na chumvi na sabuni zinapatikana. Miaka mibaya yote tumevuka hivyo.

Na shamba lenyewe limeshiba nini kama si samadi? Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa walime karanga. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kupita kiasi, mvua nazo zikawaangusha, na kufika 1951 mradi ukafutwa. Babu alilima udongo huo huo kwa plau na maksai. Kabla ya mvua alipakia samadi kwenye mkokoteni, akaimwaga shambani mafungu mafungu, sisi watoto tukaitawanya kwa mikono. Mahindi yakifika magotini, mahali samadi ilipoishia palijionyesha penyewe: huku kijani kibichi, hatua moja mbele majani ya manjano, membamba. Mbolea ya dukani nayo inasaidia, ila mvua ikikata, deni lake linabaki.

Halafu hawa wetu si ng'ombe wa kuokota mnadani. Wana damu ya Mpwapwa, aina iliyozalishwa na watafiti wa mifugo pale pale Mpwapwa kwa kuchanganya ng'ombe wetu wa asili na wa Asia kama Sahiwal, apatikane wa maziwa na nyama anayevumilia ukame huu. Walio halisi wamebaki wachache mno. Ukiwauza kwa mchinjaji, utawapata wapi tena?

Jambo jingine, tafadhali mwambie mama asiwape mahindi yaliyoota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ng'ombe akiila, sumu inatokea kwenye maziwa tunayowapa watoto.

Ninachoomba ni hiki. Madume uza, hela inunue mbegu. Mitamba na wale wanaokamuliwa waache. Mimi nitachangia dawa ya kuogeshea na mshahara wa mchungaji. Mnunuzi akija kabla sijafika Julai, mwambie zizi lina wenyewe wawili, na mmoja hajakubali.

Mdogo wako