Risala ya Klabu ya Biolojia kwa mgeni wa heshima: mkunga wa mchangani

Mheshimiwa mgeni wa heshima, baba prefe (mkuu wa shule), walimu na wazazi wetu, karibuni sana.

Maonyesho yetu hapa Goma yanahusu samaki asiyeweza kuishi katika Ziwa Kivu: mkunga wa mchangani mwenye madoa, Heteroconger hassi, aliyepewa jina la mzamiaji Hans Hass mwaka 1959. Ni wa bahari za joto, kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Pasifiki.

Urefu wake hufika sentimita 40, lakini mwili ni mwembamba kama kalamu. Shimo analichimba kwa mkia, si kwa kichwa. Ncha ya mkia ni ngumu. Huisukuma chini huku akijitikisa, na ute wa ngozi hushikamanisha chembe za mchanga ili kuta zisiporomoke. Akiisha kuingia, hutoa nusu ya juu tu, huelekea mkondo unakotoka na kudaka vijidudu vinavyopita. Mkondo ukizidi, hujikunja na kurudi ndani.

Wengi wanaomfuga humuua bila kukusudia. Wakiweka mchanga wa kina kidogo, mkia hugonga kioo cha akwariamu, yaani tangi la kufugia samaki, shimo halishiki, naye huzunguka hovyo hata kuruka nje. Ni heri sentimita 20 au zaidi za mchanga laini. Ule wenye ncha kali humchubua. Chakula kikitua chini hakiokoti, kwa hiyo anaweza kufa njaa pembeni ya chakula. Alishwe vijidudu vidogo, mara kadhaa kwa siku, vikielea. Samaki wakorofi wasiwekwe naye, kwani atajificha asile kabisa. Ni mwoga kweli: akwariamu ya Sumida mjini Tokyo ilipofungwa mwaka 2020, mikunga wake walisahau watu wakaanza kujificha hata wahudumu walipopita, ndipo umma ukaombwa kuwapigia simu za video.

Mheshimiwa, hatuombi akwariamu ya maji ya chumvi. Umeme ukikatika, pampu husimama, na mkondo na hewa huisha pamoja. Tunaomba hadubini moja na wavu wa matundu madogo sana. Vijidudu wa jamii ya kopepoda, ambao mkunga huyu huwala baharini, wana ndugu zao katika Kivu, na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, huwala. Wavu huo ukivutwa polepole nyuma ya mtumbwi, kisha tone la maji likiwekwa chini ya lenzi, wanafunzi wataona chakula chenyewe.

Tunashukuru kwa kutusikiliza.