Mahamri, na huo mtungi wa gesi

Mwanangu,

Nimesikia kwa nduguyo, si kwako, kwamba umenunua mtungi wa gesi na karai, na kwamba wakaanga mahamri humo chumbani unamolala. Tangu ule moto wa gesi wa Embakasi wa Februari 2024, nikisikia neno mtungi moyo huniruka, nawe walijua hilo. Ungeniambia mwenyewe.

Vipimo vya bibi ulivyoomba ni hivi. Yeye hakuandika, na mimi nimechelewa kuandika. Unga wa ngano kilo 1. Sukari kikombe kimoja, usizidishe, yataungua nje na ndani yangali mabichi. Hamira kijiko kimoja cha chakula. Iliki punje 12, uziponde wewe mwenyewe, ya kopo haina harufu. Kasimile, lile tui zito la kwanza, ya nazi mbili, iwe vuguvugu, uitie kidogo kidogo. Tui la pili weka la mbaazi. Ukikandia hilo, mahamri yatakuwa magumu kabla ya saa nne asubuhi. Kanda mpaka donge liache kushika mkono. Huko Eldoret ni baridi, halitaumuka kwa saa moja kama hapa Mombasa. Kanda usiku, funika kwa leso, uamke nalo alfajiri. Usilisogeze karibu na moto ili liwahi. Usisogeze kitu chochote karibu na moto.

Mafuta yasipite nusu ya karai. Tupa kipande kidogo cha unga: kikizama na kuibuka papo hapo, yako tayari. Yakianza kutoa moshi umeshachelewa, zima. Hamri uliteremshe taratibu ukingoni, lisirushwe, kisha umwagie mafuta juu kwa kijiko kirefu kikavu mpaka lifure. Kikavu, mwanangu. Tone moja la maji latosha.

Na mafuta yakishika moto, usimwage maji. Zima gesi kama mkono wafika, funika kwa kifuniko, usilibebe karai kwenda nalo nje. Ukiungua, maji ya bomba yatiririke juu ya kidonda dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga. Daktari wa zahanati aliniambia hayo baadaye, nami nilikuwa nimeshapaka unga.

Ukibishiwa hodi, zima kwanza ndipo uitike. Hata awe ni mtu anayekudai. Hodi yaweza kungoja. Mimi sikuingojesha, na mkono wako wa kushoto wajua.

Nduguyo anasema mahamri 60 yanakwisha kabla ya darasa la kwanza, shilingi 10 moja, na wasichana wa bara wamejifunza kuyala na mbaazi. Nilimwambia jirani, akaniuliza mara mbili kama ni wewe. Bibi angefurahi. Lakini ada yako nimeilipa, sikukwambia uuze, na vitabu havisomeki na mtu anayeamka saa tisa za usiku. Kama ni fedha za matumizi zimekuwa chache, sema. Najua mwezi uliopita nilituma nusu.

Dirisha hufungua? Mtungi wausimamisha wima? Ule mpira wake upake povu la sabuni, ukiona viputo usiwashe hata kiberiti. Na ukimaliza funga kule juu kwenye mtungi, si kwenye jiko pekee. Muulize mwenye nyumba kama kuna kibaraza nyuma, hata chenye mabati mabovu. Afadhali upigwe baridi.

Hapa bati la jikoni linavuja tena, upande wa mbuzi ya nazi, nimeihamishia ukumbini na babako anajikwaa kila usiku. Paka amezaa watatu ndani ya kapu la nguo zako, sikumtoa. Mnazi wa nyuma umeangusha nazi nane wiki hii, nimezifunga kwenye gunia.

Gunia hilo linakuja na basi la Alhamisi. Ndani nimetia kifumbu cha bibi cha kuchujia tui, na kifuniko cha lile sufuria letu kubwa la pilau. Nimekijaribu juu ya karai la hapa. Kinafunika kote.

Mamako