Kwinteti ya kupuliza: mkate wake uko wapi?

Mhariri,

Magazeti yanapogusa muziki wa okestra, wale watano wanaopuliza pamoja katika kwinteti ya kupuliza, yaani filimbi, obo, klarineti, honi na basuni, huambulia maneno mawili tu: "bendi ndogo". Majina yao hayaandikwi. Tunaomba nafasi tueleze kazi yao ilivyo, hasa kwa sababu vijana wengi wanaosomea ala hizi huuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kwinteti. Kuishi ataishi, ila ni mara chache sana kwinteti yenyewe ndiyo inayomlisha.

Mambo yalianza hivyo tangu zamani. Mtunzi Anton Reicha, mzaliwa wa Prague, alitunga kwinteti 24, yaani tungo za kupigwa na watano hao, akiwa Paris, na waliozipiga kwanza ni Guillou, Vogt, Bouffil, Dauprat na Henry. Hao walikuwa watu wa okestra, na Vogt na Dauprat walikuwa pia walimu wa Konsevatua ya Paris, chuo cha muziki. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1950, ilipoanzishwa kwinteti ya Philadelphia, Marekani, waliokaa humo walikuwa wapigaji wakuu wa okestra ya mji huohuo. Mshahara ulitoka kwingine. Kwinteti ilikuwa ndiyo sehemu ya kusikika.

Shida ni kwamba hata huko kwenye okestra viti ni vya kuhesabu. Okestra ya watu 100 hivi huwa na wapiga fidla kama 30, lakini wapiga obo ni watatu au wanne, wapiga basuni vilevile. Kiti hufunguka mtu akistaafu au akihama. Usaili hufanyika nyuma ya pazia, kwa dakika chache, na vipande vinavyoulizwa vinajulikana miaka yote: mpiga basuni ataombwa mwanzo wa baleti ya mtunzi Stravinsky ya 1913, pale basuni inapoingia peke yake juu kabisa, mpiga klarineti ataletewa skezo, kipande chepesi cha kasi, ya Mendelssohn. Wengi huangushwa na mapigo yanayoyumba na noti zisizokaa mahali pake, huku sauti yao yenyewe ni nzuri tu. Kwa hiyo afadhali kijana ajirekodi na metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, kila siku kuliko kuongeza kasi ya vidole. Na ashike ala ya pili mapema: pikolo (filimbi ndogo ya sauti ya juu) kwa mpiga filimbi, kor angle (ndugu wa obo mwenye sauti ya chini zaidi) kwa mpiga obo, klarineti ya besi kwa mpiga klarineti, kontrabasuni (basuni kubwa zaidi) kwa mpiga basuni. Ala hiyo ya pili mara nyingi ndiyo inayompa mtu kazi ya kwanza.

Ala ya pili ina adabu zake pia. Katika kwinteti ya mtunzi wa Denmark Carl Nielsen ya mwaka 1922, mpiga obo huchukua kor angle mwanzoni mwa sehemu ya mwisho. Ala iliyokaa baridi kwenye stendi tangu mwanzo huingia sauti yake ikiwa chini kidogo ya ile ya wenzake wanne. Dawa ni kuipuliza kimyakimya, bila kutoa noti, kabla zamu yake haijafika.

Tukae kidogo kwenye obo, maana watu hawajui muda wa mpigaji wake unakokwenda. Obo ni ndugu wa zumari: hulia kwa ulimi wa matete mawili yaliyokabiliana. Wataalamu wengi hujitengenezea ulimi wenyewe. Tete la kipenyo cha milimita 10 hadi 10.5 hupasuliwa vipande vitatu kwa urefu, kisha hukwanguliwa ndani hadi katikati kubaki unene wa karibu milimita 0.6. Hulowekwa, hukunjwa, hukatwa umbo, kisha hufungwa kwa uzi juu ya kibomba cha chuma chenye gamba la koki (gome laini la kutengenezea vizibo), ambacho kwa kawaida kina urefu wa milimita 47. Uzi ukome pale kibomba kinapoishia. Ukipita hapo tete hubanwa koo na halitetemi vizuri. Ukiishia chini yake, pembeni huvuja. Kujua kama unavuja, ziba tundu la chini kwa kidole, puliza, usikilize pembeni. Ndipo unakuja ukwanguaji wa kisu, na hapo ndipo penye maumivu: mkwanguo mmoja uliozidi kwenye ncha na kazi yote imepotea. Ulimi mpya usimalizwe siku hiyohiyo, kwa sababu tete likikauka na kulowana tena hubadilika. Na baada ya yote hayo, ulimi mzuri hudumu saa chache tu za kupiga. Na ni nadra mkataba kulipia saa za kuutengeneza.

Mbao nazo zina mambo yake. Obo na klarineti nyingi zimetengenezwa kwa mpingo, mti uleule tunaoujua. Ala mpya ikipulizwa muda mrefu kwenye baridi, ndani huwa na joto na nje baridi, mbao hutanuka bila usawa na kupasuka. Wiki za kwanza ipigwe dakika 15 au 20 kwa siku, na ifutwe ndani kila mara.

Honi, ambayo mdomo wake mpana huelekea nyuma, ni kichwa kingine. Sauti yake hufika kwa wasikilizaji baada ya kugonga ukuta. Pazia zito likiwa nyuma yake, huzama kabisa. Kundi lenye akili hujaribu ukumbi mapema na kuomba ubao mgumu uwekwe nyuma ya mpiga honi. Midomo yake pia huchoka kabla ya vidole vya yeyote, kwa hiyo kazi nzito kwake zisifuatane kwenye programu.

Wapo waliofanya kwinteti kuwa ajira yenyewe. Mfano unaotugusa ni Imani Winds wa Marekani: mpiga filimbi Valerie Coleman aliwaanzisha mwaka 1997, akachagua neno la lugha yetu kuwa jina lao. Mwaka 2024 walipata tuzo ya Grammy. Lakini tazama walivyojenga: ziara, kufundisha, kuagiza tungo mpya, tamasha lao wenyewe la mafunzo, na tangu 2021 kufundisha kama kundi katika Taasisi ya Curtis, chuo cha muziki cha Marekani. Coleman alitunga, na mpiga honi Jeff Scott alitunga pia. Malipo ya onyesho moja hugawanywa mara tano, baada ya nauli na fungu la wakala kutolewa, na kundi lisilo na mlango mwingine wa mapato huvunjika.

Kwinteti haina mwongozaji, na mpigaji mmoja akiondoka, sauti ya kundi hubadilika. Kwa hiyo, Mhariri, tunaomba mnapoandika habari za kundi kama hili mtaje wote watano, kila mmoja na ala yake, kama mnavyotaja wachezaji wa mpira na namba zao. Mpangilio upo tayari kwenye karatasi za nota: filimbi, obo, klarineti, honi, basuni.

Ni sisi,
Walimu wa ala za kupuliza